Mvua ya Newala, tenki la nyumbani na mstari mmoja: shajara ya mradi

28 Novemba: swali na vipimo

Newala tuko juu ya uwanda wa Makonde, na uwanda huu haushiki maji. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, ukitaka kuyaona tena unashuka bondeni. Wazee wanasimulia walivyokuwa wakiteremka alfajiri na kurudi na mitungi jua likiwa utosini. Siku hizi maji ya bomba yanasukumwa kutoka chanzo cha maji cha Mitema, lakini mtaani kwetu yana siku zake, na Oktoba hii nimenunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Ndiyo maana nyumba nyingi hapa zina gata na tenki la kukinga maji ya mvua.

Swali langu ni dogo: ikinyesha milimita kadhaa, tenki linapanda sentimita ngapi? Nafundisha hisabati sekondari na sijawahi kulipima hilo nyumbani kwangu. Nitakusanya vipimo masika yote na kuviingiza kwenye lahajedwali nipate rigresheni ya mstari, yaani mstari mmoja mnyoofu unaopita karibu na nukta zote kadiri inavyowezekana. Natumia LibreOffice Calc kwa sababu ni ya bure. Fomula nitakazozitaja zipo pia kwenye Excel.

Paa ni mita 10 kwa 6, likitazamwa kutoka juu kama ramani. Usipime bati kwa mwinamo wake. Mvua haijali bati limeinama kiasi gani, inajali kivuli chake chini. Hizo ni mita za mraba 60. Tenki ni la saruji, ndani mita 3 kwa 2, kina sentimita 180. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita moja kwenye paa langu ni lita 60. Na sentimita moja ya tenki nayo ni lita 60. Bahati tu, lakini inarahisisha: lisipopotea tone, kila milimita ya mvua ingeongeza sentimita 1.0 kamili.

(Nyongeza ya Januari: hiyo 1.0 niliiandika hapa halafu nikaisahau wiki sita. Wewe usiisahau.)

9 Desemba: chupa, mwanzi na kufuli

Kipimamvua cha kwanza kilikuwa chupa ya soda ya lita 1.5, nimeikata shingo na kuigeuza kama mrija wa kumiminia, rula imebandikwa ubavuni. Kilishindwa siku ya pili. Chupa hizi zina miguu chini, sehemu ya kwanza ya maji inaingia kwenye vishimo vya miguu, na rula inasoma uongo. Badala ya kuhangaika na rula, nimenunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa kwa shilingi 500. Mdomo wa chupa una kipenyo cha sentimita 9, eneo lake ni sentimita za mraba 63.6, kwa hiyo kila mililita 6.36 ni milimita moja ya mvua. Navuta maji, nahesabu, nagawanya. Chupa nimeifunga kwenye nguzo uwanjani, mbali na ukuta na mwembe.

Kina cha tenki napima kwa mwanzi wenye alama. Shida ni kuona maji yameishia wapi, kwa sababu mwanzi mkavu na mwanzi uliolowa unafanana kwenye mwanga wa asubuhi. Nimeupaka chaki ya darasani. Mstari wa maji unaonekana vizuri kabisa.

Kilichonitesa ni watu. Napima saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na moja na nusu tayari kuna mtu amechota. Niliweka kufuli kwenye mfuniko, mama watoto akauliza, "Kwa hiyo chai isubiri hesabu?" Kufuli imeondoka siku hiyohiyo. Sasa kuna daftari limening'inizwa pale kwa kamba. Kila anayechota dumu anapiga kijistari. Dumu moja ni sentimita 0.33, nairudisha kwenye hesabu. Daftari limefanya kazi kuliko kufuli.

6 Januari: mvua nane na chati ya uongo

Nina mvua nane. Nazinakili zote ili mtu aweze kurudia hesabu na kunisahihisha. Namba ya kwanza ni milimita za mvua, ya pili ni sentimita ambazo tenki limepanda:

6 na 2.3
14 na 5.2
9 na 3.0
22 na 10.4
31 na 13.1
4 na 1.2
18 na 7.0
40 na 18.2

Mvua nimeweka safu B, tenki safu C, kuanzia mstari wa pili. Nikazichagua, nikaomba chati, nikachagua ile ya mistari inayopanda na kushuka kwa sababu nilitaka "mstari". Nikabofya nukta kwa kitufe cha kulia, nikaongeza mstari wa mwelekeo na kuiambia programu ionyeshe mlinganyo. Ikanipa y = 1.4x + 1.25, na R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa karibu na mstari, kutoka 0 hadi 1) ya 0.33.

Nilikaa na jibu hilo jioni nzima nikilitafutia sababu. Labda upepo, labda chupa. Hata nilianza kuandika hapa kwamba mvua za Newala "hazitabiriki". Ndipo nikakumbuka ile 1.0. Paa langu haliwezi kutoa sentimita 1.4 kwa milimita moja hata likiwa limepakwa mafuta. Halafu angalia ile 1.25: mvua ikiwa sifuri, tenki linapanda. Maji yanatoka wapi?

Kosa lilikuwa aina ya chati. Chati ya mistari haisomi safu B kama namba. Inachukua kila mvua kama ya kwanza, ya pili, ya tatu hadi ya nane, na x yake ni hiyo 1 hadi 8. Nilikuwa nimechora uhusiano kati ya kina cha maji na mpangilio wa daftari langu. Chati inayotakiwa ni ile ya nukta zilizotawanyika, inayoandikwa Scatter au XY. Hiyo peke yake ndiyo inayozipa safu zote mbili heshima ya namba. Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka shajara hii, chukua hicho, kwa sababu programu haikuonyi. Inachora mstari wake kwa utulivu kabisa.

7 Januari: fomula tatu, makosa mawili

Leo nimeacha chati pembeni na kuandika fomula zenyewe:

=SLOPE(C2:C9;B2:B9)
=INTERCEPT(C2:C9;B2:B9)
=RSQ(C2:C9;B2:B9)

Kompyuta yangu inataka nukta-mkato katikati; nyingine zinataka mkato. Ikikataa moja, jaribu nyingine.

Ya kwanza ni mteremko (mstari wangu unapanda, lakini hisabati inauita hivyohivyo): tenki linaongezeka kiasi gani kwa kila milimita. Ya pili ni kikato, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa wima, mvua ikiwa sifuri. Ya tatu, ndiyo R², inasema ni sehemu gani ya kupanda na kushuka kwa tenki inayoelezwa na mstari. 1 ni yote, 0 ni hakuna.

Jibu la kwanza la SLOPE lilikuwa 2.11. Nilikuwa nimeanza na B, kwa sababu mdomoni tunasema "mvua na tenki". Fomula inataka kile unachokitabiri kwanza, kisha kile unachotabiria. Ukigeuza, haikatai, inakujibu swali jingine, kwamba sentimita moja ya tenki inalingana na milimita ngapi za mvua. Na usidhani unaweza kugawa 1 kwa 2.11 ukapata jibu sahihi. Inatoka 0.474, wakati mteremko halisi ni 0.470. Hapa tofauti ni ndogo kwa sababu nukta zangu zimenyooka. Nukta zikitawanyika, majibu hayo mawili yanaachana mbali. Ukizidisha miteremko yote miwili unapata R² yenyewe, njia nzuri ya kujikagua.

Nilipogeuza safu nikapata 0.456. Nikafurahi, nikaandika, nikafunga kompyuta. Usiku nikashtuka: chati ya nukta ilikuwa na nukta saba. Wakati wa kugeuza, seli ya mvua ya mwisho nilikuwa nimeiandika upya "18.2 sm" kwa mazoea ya daftari. Kwa programu hayo ni maneno, na SLOPE inaruka jozi yenye maneno bila kusema. Mvua yangu kubwa kuliko zote ilikuwa nje ya hesabu. Dalili ilikuwa mbele ya macho: namba hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto. Sasa kila safu ina =COUNT chini yake, inayohesabu seli zenye namba, na isiposema 8 sisomi kitu kingine.

Majibu ya kweli: mteremko 0.470, kikato −0.91, R² 0.991.

12 Januari: 0.99 na nusu ya paa

Hapa nilikuwa tayari kumaliza mradi. R² ya 0.991! Nimeionyesha ofisini, wenzangu wa sayansi wakanipongeza. Kikato nacho kina maana: ukigawanya 0.91 kwa 0.470 unapata kama milimita 1.9, yaani mvua ya kwanza inayolowesha bati na vumbi kwenye gata kabla tone halijafika tenkini. Kila kitu kilikuwa kinaongea lugha moja.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyeharibu sherehe. Nilikuwa nimeandika ubaoni mfano wa paa, mita za mraba 60, tenki mita za mraba 6, na mlinganyo chini yake. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, si ulisema ni sentimita moja kwa milimita? Hiyo nyingine inaenda wapi?"

Inaenda wapi. Mteremko wa 0.47 dhidi ya 1.0 maana yake zaidi ya nusu ya mvua ya paa haifiki. Na R² haikuniambia chochote, kwa sababu haina habari na paa langu. Inapima kama nukta zimekaa kwenye mstari, haijui kama mstari wenyewe ndio uliotakiwa. Gata linalomwaga nusu kila siku, kwa uaminifu, litakupa R² nzuri sana. Ni kama mizani iliyochezewa: inapunja kila gunia sawasawa, na daftari linapendeza.

Nimerudi nyumbani na kuuliza. Binti yangu akanijibu bila kuinua macho kwenye ubuyu wake: "Baba, maji ya mbele si yanamwagika dirishani siku zote?" Nyumba nzima ilijua. Nimepanda ngazi na ndoo, nikamimina kwenye gata la mbele. Hakuna tone lililokwenda upande wa tenki; yote yameelekea kona ya dirisha na kumwagika juu ya mchaichai. Pimamaji ilionyesha gata limeinamia upande usio wake kwa sentimita 2. Sitamtaja aliyelifunga. Mchaichai umestawi lakini.

19 Januari: fundi

Fundi amekuja Jumapili baada ya ibada. Ameangalia kwa jicho tu, akacheka: "Mwalimu, hili linapeleka maji kwa jirani." Vishikizo 12 vipya kwa shilingi 1,000 kila kimoja, silikoni 6,000, ufundi 15,000. Jumla 33,000. Gata sasa linainamia bomba linalozunguka kona hadi tenkini.

Vipimo vya zamani sivifuti wala sivichanganyi na vipya. Paa limebadilika, hivyo huo ni mradi mwingine: nimefungua karatasi ya pili ndani ya faili lilelile. Ningezimimina zote kwenye safu moja ningepata mstari wa katikati ambao si wa gata bovu wala wa gata zima.

23 Februari: mvua moja inavunja mstari

Mvua saba mpya: 12 na 8.7, 25 na 20.3, 7 na 4.9, 35 na 28.1, 16 na 12.6, 62 na 38.5, 20 na 15.4.

Zote pamoja zinatoa mteremko 0.618, kikato +2.74, R² 0.961. Safari hii sikwenda kwenye R² kwanza. Nimekwenda kwenye kikato. Chanya? Siku kavu tenki langu lijijaze sentimita 2.7? Kuna nukta inayouinua mstari upande wa kushoto na kuushusha kulia, na kwenye chati inaonekana wazi, iko peke yake mbali kulia: ile ya milimita 62.

Nilikuwepo. Ilinyesha usiku, ngurumo na upepo, na kwa tochi nimeona maji yakiruka juu ya gata bila hata kuingia. Tenki lilikuwa bado na nafasi ya sentimita 90, kwa hiyo si kwamba lilijaa. Bomba moja la kushushia halikuweza.

Bila hiyo nukta, mvua sita zinatoa mteremko 0.837, kikato −1.05, R² 0.999. Tamu. Lakini kufuta nukta kwa sababu inaharibu mstari ni tabia mbaya, na wanafunzi huijifunza upesi. Sijaifuta. Nimeihamishia chini ya jedwali na maelezo yake, na juu ya mlinganyo nimeandika: unatumika kwa mvua ya milimita 7 hadi 35. Zaidi ya hapo sina haki ya kutabiri, kwa sababu gata lenyewe limeshaniambia halifuati mstari. Sababu ya kuiweka nje niliiona kwa macho. Ningekuwa nimelala ningeiacha ndani na kusubiri mvua kubwa nyingine.

Nukta hiyo ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko zile sita. Mstari unasema milimita 62 zingetoa sentimita 50.9. Zimekuja 38.5. Pengo ni sentimita 12.4, zaidi ya lita 740, madumu 37 yaliyomwagika usiku mmoja.

Jambo jingine kwenye 0.837: upande wa nyuma peke yake ulikuwa unatoa 0.47 kati ya 0.5 unaowezekana. Kwa hiyo upande wa mbele unaleta kama 0.37 tu. Lile bomba refu la kuzunguka kona linavuja mahali. Bado sijapapata.

8 Machi: kosa la jumla ya mwezi

Nilitaka kujua mwezi wenye milimita 200 utaleta nini, nikaingiza 200 kwenye mlinganyo: sentimita 166. Nikaanza kupanga.

Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza 200 iko nje kabisa ya 7 hadi 35. Pili, kikato ni hasara ya kila mvua. Milimita 200 zikija kwa siku 14, bati linaloweshwa mara 14, na ile 1.05 inatolewa mara 14, si mara moja. Jibu linashuka hadi kama 153. Tofauti ni zaidi ya lita 800. Dawa ni kutabiri kila mvua kwenye seli yake, kisha kujumlisha matabirio. Usijumlishe mvua kwanza.

Darasani wameniuliza kwa nini inaitwa rigresheni, maana wamesikia ni kurudi nyuma. Ni kweli. Mwingereza Francis Galton, kwenye miaka ya 1880, alipima urefu wa wazazi na watoto na kuona watoto wa wazazi warefu sana wanarudi kuelekea wastani. Jina likabaki hata kwa watu wanaopima matenki. Hesabu yenyewe, ya kupunguza jumla ya miraba ya masalio (umbali wa wima kati ya kila nukta na mstari), ni ya zamani kuliko jina: Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805.

30 Machi: gharama na kinachosubiri

Nimetumia 33,000 za gata, 500 za sindano, na 3,000 za futi ya kupimia. Mwanzi nimeukata mwenyewe, chaki tusiulizane.

Mvua ya milimita 20 ilikuwa inaleta sentimita 8.5, sasa inaleta 15.7. Hilo ni ongezeko la lita 430 hivi, madumu 21 na ushee. Kwa bei ya Oktoba ni shilingi 10,800, na mvua tatu za namna hiyo karibu zinarudisha fedha ya fundi. Mama watoto ameikataa hesabu hii, na ana haki: masika hakuna anayenunua maji. Faida inahesabiwa kwa kitakachobaki tenkini mvua zikikatika, na tenki ni sentimita 180 tu. Tunatumia madumu sita kwa siku, sawa na sentimita 2. Likijaa hadi juu katikati ya Mei, linakauka katikati ya Agosti, na Oktoba naenda tena na shilingi 500 mkononi. Mstari hauongezi ukubwa wa tenki.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. Tenki la pili nimeliweka kwenye bajeti ya msimu wa korosho ujao. Bomba la pili la kushushia, la inchi 3, fundi analeta Jumamosi. Amesema atatafuta na panapovuja kwenye kona. Karatasi ya tatu nimeshaifungua, safu B na C tupu, COUNT inasoma 0.